Gari Lililomsubiri Baba Mkubwa

Petroli iliyolala miaka ina harufu yake, na asiyewahi kuinusa asijisumbue kuikisia. Si ile harufu kali ya kituo cha mafuta inayopanda puani na kupotea. Hii ni nzito, chachu, inakaa kooni, na inakufuata mpaka kwenye sahani ya chakula. Juzi hapa Kibondo vijana wa gereji iliyo jirani na duka langu walimwaga tanki la gari lililotelekezwa na mwenyewe siku nyingi, na mimi niliyekuwa nampimia mteja mchele nikasahau nimefikia wapi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka tu, jibu ambalo kwa umri wetu huu hakuna wa kulibishia.

Kweli nilikuwa nimechoka. Mama tumemzika si zamani, na tangu aondoke mambo ya nyuma yananijia bila hodi, mengine nikiwa nahesabu chenji. Hili la gari ndilo linalorudi mara nyingi kuliko yote. Nitalisimulia kama nilivyoliona, kwa akili niliyokuwa nayo wakati ule, ambayo ilikuwa ndogo lakini yenye kujiamini.

Lilikuwa pikapu ya buluu, na lilikuwa la baba. Tuliishi Heru Juu, mimi Jeneroza mtoto wa kwanza na mdogo wangu Zakayo. Baba alibeba maharage ya watu kutoka Kitanga kuyapeleka soko la Kasulu, na siku nyingine mpaka Manyovu, ambako wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka walimsubiri. Jioni tulimjua kwa mlio wa injini akibadilisha gia kwenye kona ya chini. Siku alipougua, walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu hiyo hiyo, na mjomba, kaka yake mama, akaendesha. Liliondoka baba akiwa anaongea, tena ananiambia nisisahau kufungia mbuzi. Liliporudi alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani. Kilichotokea katikati hakuna aliyenieleza, maana watoto wa enzi zetu hatukuelezwa kitu, tulifukuzwa tukacheze. Basi nikajumlisha mwenyewe. Gari limemchukua mzima, limemrudisha maiti. Gari ndilo lililomuua.

Kwetu, sisi ambao wazee wetu walivuka kutoka Burundi wakawa watu wa huku, mtu akifa vyombo vyake vya kazi navyo vinaingia msibani. Jembe lake halilimi. Kiti chake hakikaliwi. Vinakaa hivyo mpaka siku ya kumaliza msiba, mkubwa wa ukoo anapokuja, watu wakala na kunywa, naye akavirudisha kazini kimoja kimoja mbele ya macho yao. Anakata udongo kwa jembe, anakaa kwenye kiti, na vyombo vyote vikishafanya kazi ndipo mjane naye anaachiwa aendelee na maisha yake. Waliopanga mambo hayo hawakuwa na magari. Lakini Shangazi Daforoza, dada yake baba, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, alitangaza siku ya maziko kwamba jembe la kaka yake ni lile pale lenye magurudumu, na kwamba hakuna wa kulitoa uani mpaka Baba Mkubwa aje.

Baba Mkubwa Melkiori, kaka yake baba, alikuwa amerudi Burundi wakati sisi wengine tulipoamua kubaki. Akawa haji. Mara miguu inamsumbua, mara mpakani si shwari, mara mvua imekata barabara. Ulipita mwaka wa kumsubiri, ukaja mwingine, na mwingine. Gari likasimama kando ya jiko la mama, tairi zikakaa chini, kuku wakahamia humo. Mjomba alijitolea kuliendesha ili mama aendeleze biashara ya maharage. Shangazi akamjibu kwamba akitaka kuendesha gari la marehemu, azike wa kwao kwanza. Mjomba hakuuliza tena.

Kwa hiyo mama alibeba maharage kichwani, akilipita gari asubuhi na kulipita tena jioni. Alitoka kwenye ukungu, akashuka Kasulu, akarudi jua limemchoma, akapika, akafua, na kesho yake vivyo hivyo. Nilimsaidia kadiri shingo yangu ilivyoweza. Watu wa rika langu wakianza kusimulia utoto wao wa kuruka kamba na kuwinda kumbikumbi, mimi hunyamaza, kwa sababu ninachokumbuka zaidi ni kuchoka. Nilichoka mapema, kabla sijajua kwamba watoto wengine hawakuchoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakuliacha hata achoke vipi. Kila Jumamosi akishafua, alichota mawese kwenye dumu la jikoni, akayapasha kidogo pembeni ya moto, maana kwa baridi ya milima yetu mawese huganda yakashikana, kisha akaenda nayo kwenye gari. Alifukuza kuku. Alipaka bawaba za milango, akapaka mipira ya madirisha, akafuta vioo kwa kitambaa. Mwisho alifungua boneti na kumimina kidogo kidogo kwenye kichupa fulani cha plastiki kilichokuwa upande wa dereva, mpaka kikajaa. Halafu alisimama pale, mkono mmoja juu ya injini.

Nyumbani kwetu mawese yalikuwa dawa ya chochote kilichokauka. Walipakwa watoto wachanga, ilipakwa miguu iliyopasuka, zilipakwa ngozi za ngoma za kanisani. Kwa hiyo sikushangaa gari nalo kupewa. Ila mimi nilielewa kwamba mama analilisha. Limeshaua mtu mmoja, nikawaza, na liko hapo hapo uani tunapolala, basi mama analishibisha ili lisituguse. Nilimheshimu sana kwa ujasiri ule. Zakayo, ambaye hakuwa na akili hata chembe, aliingia ndani kila alipopata nafasi, akashika usukani na kukanyaga pedeli zote kwa zamu huku ananguruma kwa mdomo. Nilimlilia atoke. Mimi mwenyewe sikuwahi hata kulishika mlango.

Kiangazi kimoja mchuuzi aliyetoka Manyovu alituletea salamu: Baba Mkubwa anakuja. Miguu imemwisha, na anasema asipokuja safari hii hatakuja tena. Kibali chake cha kuvuka mpaka kilikuwa cha siku chache tu. Nilimwona mama akikaa chini pale pale aliposimama. Wakati ule sikuelewa kwa nini, sasa naelewa vizuri mno. Kama Baba Mkubwa angekuja na kuondoka bila gari kufanya kazi mbele ya ukoo, asingebaki mtu mwingine wa kumfungua mama. Angekuwa mjane wa msibani maisha yake yote, na gunia kichwani.

Akaitwa Fundi Shabani kutoka mjini Kasulu. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye majivuno ya kufurahisha, na hakuchoka kututajia kwamba babu yake alitoka Bagamoyo, kana kwamba magari yote yalianzia huko. Mjomba alidhani ataweka betri na kupiga stata. Fundi akamcheka.

"Hili limelala, mzee. Ukiliamsha kwa kelele litakufa jumla."

Akaanza kwa kumwaga petroli ya zamani, na hapo ndipo nilipoijua ile harufu. Ilijaa uani kote, mbuzi wakakataa kula majani ya upande ule. Akasafisha tanki na kabureta. Kwenye chujio la hewa akakuta nyumba ya panya, imetandikwa vizuri kwa manyoya ya kuku na vipande vya gunia, na nyaya zilizokuwa jirani zimetafunwa. Akachomoa plagi, akadondosha oili kidogo kwenye kila tundu, akaliacha lipumzike, akaenda kuswali. Aliporudi hakuwasha, alizungusha injini kwa spana, kwa mkono, taratibu, sikio lake karibu na chuma. Alipoona inazunguka bila kukwama alitabasamu peke yake. Nilimtazama kwa mbali, maana kwa macho yangu mtu huyu alikuwa anamwamsha muuaji, na mama anampikia chai.

Mambo yote hayo aliyafanya kwa subira. Moja tu alilifanya kwa haraka. Alipofika kwenye kile kichupa cha plastiki aliinama, akaona ndani mna wekundu, akakigonga kwa ukucha. "Hapa yapo," akasema, akahamia kwenye radieta, betri na zile tairi zilizokaa chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimwona akifurahi, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anajaza.

Baba Mkubwa alifika amebebwa kwenye gari la kukodi, miguu imevimba, koti kubwa, kofia mkononi. Nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa na sura ya baba iliyozeeka, na alipomwona Zakayo alilia wazi wazi, bila kujificha. Asubuhi ya shughuli ukoo ulijaa uani. Kulikuwa na baridi ya kuuma, watu wamejifunika vitenge mpaka masikioni, pombe ya ndizi imeshaanza kuzunguka. Baba Mkubwa alikata udongo kwa jembe la baba. Akakaa kwenye kiti cha baba, akainuka kwa kusaidiwa. Kisha akalielekeza gari kwa fimbo yake.

"Nalo lipakizwe mzigo, litoke uani. Ndipo tuseme tumemaliza."

Wakapakia gunia la maharage. Fundi Shabani akaingia, akapiga stata. Gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza, akapiga tena, likashika. Vigelegele vilipanda. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimemkumbatia Zakayo kwa nguvu mpaka akaning'ata. Nilichungulia nikaona gari linasogea, limeelekezwa njiani, na Fundi anachekacheka dirishani. Ua wetu ulikuwa na mteremko kidogo kuelekea migombani. Gari likaanza kuufuata huo mteremko, na sura ya Fundi ikabadilika.

"Ondokeni!" akapiga kelele. "Ondokeni mbele!"

Alikuwa anakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Baadaye alisema pedeli ilikuwa ngumu kama anakanyaga jiwe, na magurudumu hayana habari. Akavuta hendbreki, ikaja yote mkononi bila kushika kitu. Gari likaivaa chanja ya kuanikia muhogo, likaivunja, likaenda kujiegemeza kwenye migomba na kuzimika. Pembeni ya chanja alikuwa amekaa Shangazi Daforoza. Jinsi alivyoruka, na mwili wake mkubwa ule, sijui mpaka leo. Alisimama amejaa vumbi la muhogo kuanzia kichwani hadi miguuni. Watu wawili watatu walicheka, wakaona macho yake, wakaacha.

Hakuna aliyeumia. Fundi alishuka, hacheki tena. Kwanza alifungua boneti akachomoa waya wa betri, ili mtu asije akaliwasha. Akaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akafungua gurudumu moja, kisha akalegeza kibomba kidogo kinachopeleka mafuta kwenye breki. Tulimzunguka. Kilichotoka hakikumwagika. Kilisukumwa nje polepole, cha rangi ya chungwa, kimeganda. Fundi akakichukua kwa kidole, akakinusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya ni mawese."

Hakuwa na haja ya kusema, kila mmoja wetu alikuwa ameshainusa harufu ya jiko la kwao.

Akatueleza kwa kifupi. Breki zina mafuta yake, mepesi, yasiyoganda. Ya kula, yakishasukumwa ndani kwa pedeli kama alizokanyaga Zakayo, yanavimbisha mipira, na kwa baridi ya asubuhi kama ile yanashikana kwenye bomba, hivyo unakanyaga na hakuna kinachofika. Kama tungetoka nalo njiani, akasema, kwenye ile kona ya chini tusingekata kona. Na ukoo wote ulikuwa umejiandaa kupanda nyuma.

"Nani mwenye mawese katika nyumba hii?" Shangazi akauliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Wifi, si nakuuliza? Nani kila Jumamosi yuko humo na chupa? Majirani wamekuona."

"Ni mimi," mama akasema.

"Mnamsikia? Alitaka tupande wote, tuishie bondeni, yeye abaki na mji huu wa marehemu. Kaka, umesikia kwa masikio yako."

"Oya, wifi," mama akasema. "Oya." Alikuwa anakataa kwa Kirundi, hapana, hapana, na neno lingine halikuja. Watu wakaanza kunong'ona. Waliokuwa wamesimama karibu naye wakasogea hatua moja, bila kukusudia labda, lakini nilikiona kile kiduara kikipanuka, mama katikati, mikono yake imekaa vibaya, hajui aiweke wapi. Baba Mkubwa alimtazama tu. Mjomba aliangalia chini. Nikaona kwamba hakuna atakayemsaidia, na mimi ndiye niliyejua ukweli wote.

Nikatoka nyuma ya nyumba. Sauti yangu ilikuwa ya kulia lakini nilisema yote.

"Mama alikuwa analilisha! Alikuwa analipa chakula lishibe, lisimuue mtu mwingine kama lilivyomuua baba!"

Mama aligeuka taratibu.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "nani kakwambia gari lilimuua baba yako?"

"Lilimchukua anaongea. Likamrudisha amekufa."

Baba Mkubwa akajifunika macho kwa kofia. Mama akaja, akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi la muhogo, akanishika mabega. Akaniambia kwamba baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, hospitali, kitandani, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mama. Gari lilimwahisha, na lilimrudisha nyumbani ili asilale ugenini. "Hilo gari lilitusaidia," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa unaliogopa? Nami sikujua?" Kisha akaanza kulia, si kwa ajili ya gari wala msiba, nadhani alilia kwa ajili yangu. Kwa miaka yote niliyobeba maharage nyuma yake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza moyoni mwangu mna nini, na mimi sikuwa nimewahi kumuuliza yeye.

Akiwa bado amepiga magoti, akasema na ukoo. Hakuwatazama.

"Nilimwona mume wangu akiweka mafuta mekundu humo. Kile kichupa kikawa kinapungua, nikadhani gari linakauka. Jembe lake mlinikataza. Kiti chake mlinikataza. Hata kitanda Wifi alisema nisikilalie. Gari lilibaki hapo, nikaweza kulipaka mafuta. Nilikuwa namtunza yeye. Sikuwa na namna nyingine ya kumtunza."

Fundi Shabani alikohoa. "Mekundu ni ya stelingi, ya kulainisha usukani," akasema. "Kichupa chake kiko jirani kabisa na hiki, hata mafundi huwa wanachanganya. Na mimi juzi niliona wekundu nikasema yapo, sikunusa. Huyu mama hajasomea magari. Mimi ndiye niliyewaambia gari liko tayari. Mnaotaka kumlaumu mtu, nipo."

Majivuno yote yalikuwa yamemtoka. Alikuwa anafuta mikono kwenye kitambaa kimoja, anafuta, anafuta, na mawese hayatoki.

Kibali cha Baba Mkubwa kilikuwa kinaisha, hilo alilijua kuliko sisi. Akamwita Fundi karibu.

"Utalitengeneza lini?"

"Mipira yote ya kubadilisha, Mzee, mpaka ile ya masta inayosukuma mafuta. Na mabomba kuyasafisha. Leo haiwezekani, na kesho haiwezekani. Hata mkinipiga siwarudishii waya huu."

"Hakuna anayekupiga. Ni lazima liwake?"

"Likiwaka halisimami."

"Nauliza likisukumwa."

Fundi akatazama njia. Upande mmoja ilishuka Kasulu, upande mwingine ilipanda polepole mpaka kwenye shamba la juu, mahali tulipomzika baba. "Kushuka sikubali," akasema. "Kupanda, ndiyo. Gari lisilo na breki halikimbii kilima. Ila mtu yeyote asikae nyuma yake. Mtashika ubavuni na milangoni, nikisema basi mnasimama, mimi na mjomba wao tunaweka magogo. Na wale watoto mkae nao mbali na matairi."

"Haya," Baba Mkubwa akasema. "Mila inataka lifanye kazi. Haikusema kelele."

Walimfungulia mzee mlango wa dereva, maana ni yeye mkubwa wa ukoo na ni yeye wa kukirudisha chombo. Akaitazama ile miguu yake. "Miguu yangu haikanyagi kitu," akasema, "na humo hamna cha kukanyaga. Tunalingana." Hapo watu wakacheka, kicheko cha kwanza cha kweli siku ile. Kisha akamnyooshea mama fimbo. "Akae aliyelitunza."

Shangazi alifungua mdomo. Baba Mkubwa akamwambia, "Daforoza, shika pale ubavuni."

Mama hakuwa amewahi kukaa upande wa dereva. Alipanda kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, akakunja kitenge chini ya mapaja, akashika usukani kwa mikono miwili. Tukasukuma. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Hatua chache, Fundi anaita basi, magogo, tunahema, tunaanza tena. Mimi nilishika fremu ya dirisha la mama. Chuma kilikuwa na uvuguvugu wa jua na utelezi wa mawese, kisha ndiyo hivyo, hakuna lingine, kilikuwa chuma. Nilisubiri hofu ije, haikuja. Kilichokuja ni uchovu, mzito, wa miaka, nikasukuma huku nasinzia. Baba Mkubwa alikokotwa kwenye baiskeli pembeni yetu, akituhimiza kwa Kirundi, akikohoa vumbi letu. Mpaka leo sijui mtu mwingine aliyemaliza msiba kwa kusukuma gari kilimani.

Juu shambani palikuwa tambarare. Magogo yakawekwa, Fundi akayapiga kwa jiwe mpaka yakashika. Gunia likashushwa karibu na kaburi. Baba Mkubwa akavua kofia.

"Chombo kimetoka, kimebeba, kimefika. Msiba wa mdogo wangu umeisha. Mama Jeneroza, nenda ukaishi. Hakuna wa kukuuliza."

Breki zilikuja kutengenezwa baada ya yeye kuvuka mpaka. Fundi Shabani aliliburuta gari mpaka gereji yake, akabadilisha kila mpira, akaosha mabomba mara nyingi mpaka yakaacha kunuka jiko, akatoa upepo uliobaki kwenye mabomba, akalijaribu kwanza kwenye uwanja tambarare, kisha kilima kidogo, kisha kile kikubwa, na Jumamosi mama alipofungua boneti akakuta kichupa kimefungwa waya kisifunguke kirahisi. Mjomba akaendesha. Maharage yakaacha kupita vichwani mwetu. Baba Mkubwa hakurudi tena, alifia huko huko kwao. Lakini haya ni ya mbele. Siku ile shambani bado palikuwa na jambo moja.

Watu walianza kuteremka kwenda kula. Kwa kawaida ni mjane anayesonga ugali wa siku hiyo na kuwaandalia wakwe, ndiyo huduma yake ya mwisho kwao. Shangazi Daforoza akarudi kumwita. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi karibu na mlango, nikamwona anakuja, nikajua atapiga kelele. Akafika dirishani akasimama. Mama alikuwa amelala. Paji lake la uso lilikuwa juu ya usukani, mdomo wazi kidogo, mikono imeanguka mapajani, amelala kama hajawahi kulala.

"Mwache," Baba Mkubwa akasema kutoka kwenye baiskeli yake.

"Watu wana njaa, kaka."

"Mwiko si unajua ulipo?"

Shangazi akavua kitenge chake cha mabegani, akakikung'uta vumbi la muhogo, akakikunja mara mbili. Akaingiza mkono dirishani, akakiinua kichwa cha mama taratibu na kukiweka kitenge katikati, ili ule usukani usimuumize. Mama hakuamka. Shangazi akaniambia nikae hapo hapo nisimwache mtu yeyote amsogelee, akashuka jikoni kusonga ugali.